Nusu Siku ya Nui

Mwaka ule miche ya mpunga ya Tose ilikuwa tayari kabla mwenyewe hajawa tayari. Ilisimama kitaluni imebanana, inagombania maji, na kila asubuhi alikwenda kuitazama. Mwanawe Yasokichi alikuwa ameondoka theluji ilipoanza, akaenda mji mkubwa wa Edo kubeba mizigo, akaahidi kurudi kabla ya kupandikiza. Theluji ikayeyuka, vyura wakaanza kelele zao, Yasokichi haonekani. Vijana wengi wa kijiji cha Ikazawa walikuwa wakiondoka hivyo miaka ile, na waliorudi walikuwa wachache.

"Atakuja, mama," alisema Riyo, mke wa Yasokichi, kila jioni akiosha bakuli za uji wa shayiri.

"Akija tutampa kazi. Asipokuja, na sisi tuna mikono," Tose alimjibu, ingawa alijua fika kwamba wanawake wawili hawawezi kumaliza Jaruba la Chini kabla ya siku ya Hange.

Hange haina mjadala. Ule mchana mrefu kuliko yote ukishapita, siku kumi hazijaisha vizuri, Hange imefika. Visima hufunikwa kwa mikeka, maana siku hiyo sumu hushuka kutoka mbinguni, na mguu wa mtu hauingii jarubani. Kilichopandikizwa kimepandikizwa, na kilichobaki kitalia na mwenyewe. Mabwana wa ngomeni wao hawakujali. Kodi ya mpunga ilitozwa kwa jaruba, liwe na mpunga au liwe na vyura watupu. Mwenye jaruba akishindwa, mzigo uliangukia kundi lake la nyumba tano, na katika hao watano, yule aliyeubeba ndiye aliyekabidhiwa jaruba.

Hapo ndipo roho ya Tose ilipokuwa ikichomeka. Jaruba la Chini likimtoka, hataitwa tena mkulima. Ataingia kwa wale wanaoitwa wanywa maji, kwa sababu mbali na maji ya kunywa kijiji hakiwatambui kuwa na kitu: hawana mahali pa kukaa mkutanoni, hawana haki ya kuni za mlima, hawana zamu ya mfereji. Babu wa marehemu mumewe Tokuji aliyabeba mgongoni mawe ya kingo za jaruba lile, moja moja, kutoka mtoni. Tose alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakumwambia hata mkwewe.

Zamani asingekuwa na sababu ya kuogopa, kwa kuwa kulikuwa na yui. Leo watu wote wanainama jarubani kwako, kesho wewe unainama kwa jirani, siku kwa siku. Hakuna aliyeandika na hakuna aliyesahau. Mwenye mimba alipandikiza polepole na siku yake ikawa siku kama ya wengine. Jua likizama mwenye jaruba anapakua wali mweupe, anatoa figili zilizochachushwa na pombe kidogo, na wanawake wanawatania wanaume kwa maneno ambayo siku nyingine yangeleta ugomvi wa mwaka mzima.

Kisha ikaja hariri. Mtu asiilaumu hariri, kwani ilileta chumvi, ilileta sindano, iliwafanya watu wa Ikazawa wawe na kitu cha kufunga mkandani. Ila viwavi wa hariri wanashikwa na njaa yao kuu siku zile zile mpunga unapotaka kupandikizwa. Nyumba baada ya nyumba iling'oa mtama na kupanda miforsadi ili iwalishe, na nyumba baada ya nyumba ikaanza kusema, safari hii hatuwezi, labda mwakani.

Wa kwanza kung'oa mtama alikuwa Magobei wa nyumba ya juu. Huyu alikua pamoja na Tokuji, na katika ujana wake alikula uji mwingi jikoni kwa Tose. Sasa alikuwa na ghorofa iliyojaa vichanja vya viwavi, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi lao la nyumba tano. Alikuja asubuhi moja akihema, nywele timtim, miguu mitupu.

"Shemeji! Shemeji Tose, upo?"

"Nipo. Ungekuja na viatu ningekuogopa, ningedhani mtoza kodi."

"Acha masihara, mwenzio nimekwisha. Viwavi wameamka usingizi wa nne, ule wa mwisho, wote kwa mpigo. Wanakula utadhani hawajawahi kuona jani! Na wasichana wangu wawili wa kukodi wamelala na homa. Niokoe."

"Na miche yangu nani ataiokoa?"

"Siku nne tu, shemeji. Wewe na mkweo. Wakishaanza kujisukia vifukofuko, nitakukumbuka. Nani aliyewahi kusema Magobei hakumbuki?"

Nitakukumbuka. Maneno hayo Tose aliyasikia kama alivyoyasikia tangu alipoolewa kijijini hapo. Wala hakuuliza zaidi. Kumuuliza mtu siku zako atazirudisha lini ni sawa na kumuuliza mgeni ataondoka lini, na Tose hakulelewa hivyo.

Riyo alimfuata nyuma wakipanda mlima. "Mama, ametamka yui?"

"Yui haitamkwi, mwanangu. Labda huko kwenu bondeni ndiko mnakopiga mbiu."

Siku nne zikawa siku kweli. Walichuma majani ya miforsadi umande ukiwa bado juu yake, wakayafuta moja moja kwa sababu kiwavi akila jani lililolowa tumbo linamharibika, wakayakata, wakayatandaza, na kabla kichanja cha mwisho hakijapata chake kile cha kwanza kilikuwa kimebaki vijiti vitupu. Ghorofa nzima ilivuma kwa kutafuna, mfano wa mvua juu ya paa la nyasi. Walikula wamesimama, uji usio na samaki, maana harufu ya samaki hairuhusiwi karibu na viwavi. Walilala pale pale chini ya vichanja. Vidole vyao viligeuka vyeusi kwa utomvu.

Tose alifanya kazi kwa moyo mkunjufu. Kila kikapu alichokipandisha ngazi, machoni pake alikiona kipande cha Jaruba la Chini kikijaa. Wana wa Magobei wawili, wake zao, watumishi, wasichana: watu hao wakiinama pamoja kwa siku moja, siku moja na asubuhi yake, jaruba limekwisha. Alikwisha kumwambia Riyo atenge mchele mweupe wa kuwapikia.

Siku ya nne jioni viwavi waliacha kula. Miili yao iling'aa kwa hariri iliyojaa ndani, wakaanza kupanda kwenye mabua na kujisokota. Nyumba ikanyamaza. Magobei akaja na mafungu mawili ya pesa yaliyotungwa kwenye uzi, akayaweka juu ya mkeka mbele ya Tose na Riyo, kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Nini hii?" Tose aliuliza.

"Zenu. Nimeongeza kidogo, msiwaambie wengine."

"Sikuja kwa pesa, Magobei."

"Sasa ulikuja kwa nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kweli, anataka kujua, na hilo ndilo lililomchoma Tose.

"Nilikuja yui."

Magobei alijikuna shingo, akaangalia pembeni. "Shemeji, nani ana yui wiki hii? Vifukofuko hivi nisipoviwahi, nondo watavitoboa watoke, na hariri iliyotobolewa haina mnunuzi. Wanangu wanatengeneza meko na masufuria ya kuvichemshia toka alfajiri. Hawa wengine wote ni wa kukodi. Nikiwashusha kwako, mshahara wao wa siku hiyo nautoa mimi?"

"Ulipovunjika mguu, Tokuji alikupandikizia."

"Na mwaka uliofuata nilimrudishia, siku zake zote, na mvua ilikuwa inanyesha. Nidai kitu kingine, shemeji. Siku ya mtu haiko kwangu." Kisha akaongeza kwa upole, "Chukua, kakodi watu. Siku hizi ndivyo inavyokuwa."

"Pesa haina mgongo wa kuinama," alisema Tose. Lakini alizichukua. Njiani Riyo alilia kwa hasira, naye Tose hakumnyamazisha, kwa kuwa kosa lilikuwa lake yeye na alilijua. Alikuwa ametoa siku, mwenzake akawa amenunua siku, na siku zenyewe zilikuwa zile zile nne.

Aliizunguka Ikazawa nyumba hadi nyumba na yale mafungu mkononi. Kila alipobisha alikuta vichanja na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wachache wasio na viwavi walikuwa wamekwisha kukodiwa na wenye viwavi. Katsuzo mtengeneza ndoo za mbao, aliyekuwa hana kazi na anajua kwamba wiki hiyo asiye na kazi ni bwana, alizipima pesa kwa jicho akacheka.

"Kwa hizo, mama Tose, nitakupandikizia kwa macho. Nitakaa kwenye tuta nitazame."

"Kaa na macho yako," Tose alimwambia. "Nikiyataka nitakuita."

Wakajifunga vibwebwe, yeye na Riyo. Waliingia jarubani nyota zikiwa bado juu na walitoka wakati mkono hauoni tena mche. Maji ya mlimani yalikuwa baridi hadi mifupani. Miche ilikuwa imezidi umri, ncha zimegeuka manjano, na mizizi iliyosukana kitaluni ilibidi wairarue. Riyo hakulalamika hata mara moja. Usiku alimkanda Tose kiuno, na Tose, ambaye hakuwa mtu wa kusema maneno laini, alimwambia, "Wewe ni mwanangu kuliko yule aliye Edo." Jaruba lilijaa kwa kunyata, na kila walipoinua vichwa ile sehemu tupu ilikuwa bado inawatazama.

Mchana wa siku ya mwisho kabla ya Hange, mtu alishuka tuta amekunja nguo mapajani. Alikuwa Nui, aliyekaa chini ya hekalu na mume anayekohoa na vichanja vyake vichache. Tose na Nui waliolewa Ikazawa mwaka mmoja, wakalia pamoja kisimani, wakazeeka pamoja.

"Sogea huko, shoga. Unapandikiza kama unatafuta sindano."

"Viwavi wako je?"

"Wamekula. Wakilia njaa nitawasikia nikiwa hapa hapa."

Hawakucheka. Mume wa Nui hawezi kupanda ngazi, na kila mwenye viwavi anajua kwamba siku zao za mwisho kuwaacha saa mbili ni kujitafutia hasara. Nui alichukua fungu la miche akainama, na mikono yake ilikuwa bado ni ile ile ya zamani, myepesi, kila mche mahali pake bila kuangalia. Alianza kuimba wimbo wa kupandikiza, ule wa mama mkwe na boga. Riyo akaitikia. Kwa muda Tose alisahau Hange, akasahau na pesa, akaona furaha iliyomjaa hadi machozi yakachanganyika na matope usoni.

Giza lilipowatoa, Nui alinawa miguu mferejini. "Nusu siku hiyo," alisema. "Usije ukanirudishia nzima, nitakuona unajidai."

"Nitakurudishia nusu, na ziada ya kimo cha kidole."

"Haya. Kidole nakubali."

Baadaye Tose alisikia kwamba theluthi nzima ya viwavi wa Nui walilegea wakafa pasipo kusuka. Nui mwenyewe hakulitaja.

Asubuhi ya Hange visima vilifunikwa. Sehemu ya jaruba, kiasi cha robo na ushee, ilikuwa maji matupu, na mbingu ilijiona humo vizuri. Tose alikuwa amesimama kwenye tuta na fungu la miche la mwisho mkononi, mguu mmoja umekwisha kuvuliwa kiatu cha nyasi. Hakukuwa na mtu. Angeingia tu, angepandikiza hadi adhuhuri.

"Mama, usiingie." Riyo alimshika mkono wa nguo kwa nguvu. "Mtoto wa mtu akiumwa tumbo mwezi huu, watasema ni wewe. Mvua ya mawe ikipiga, watasema ni wewe. Jaruba tutalikosa, na watu nao tuwakose?"

Tose alisimama pale mpaka jua likamchoma. Kisha akavaa kiatu chake, akaliweka lile fungu la miche juu ya tuta kwa uangalifu, kama kwamba kuna mtu angekuja kulichukua.

Yaliyofuata yalikwenda bila kelele. Kundi la nyumba tano lilikutana. Nyumba tatu hazikuwa na uwezo wa kubeba kodi ya mtu mwingine, na ya nne ilikuwa ya Magobei. Alimwachia Tose avune sehemu iliyopandikizwa, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, na watu walimsifu. Majira ya baridi jaruba lilikaushwa. Siku ya kupanda miforsadi humo walihitajika watu wa kubeba vipandikizi, nao walilipwa jioni. Tose alikuwa mmojawapo. Alipanda mti kwenye udongo alioukanyaga tangu ujana, akapokea malipo yake, akanunua shayiri.

Yasokichi hakurudi. Mtu mmoja alisema alimwona Edo, mwingine akasema siye. Riyo hakwenda kwao, alibaki, na wote wawili wakawa watu wa kukodi wa nyumba ya juu. Mkutanoni mahali pao palikaliwa na mwingine.

Mwaka uliofuata viwavi wakaja tena, wakalala usingizi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wakaamka na njaa yao. Siku hiyo asubuhi mke wa Magobei alisimama mlangoni akawaambia wanawake wote, wala hakufoka: atakayeacha kichanja leo, kesho asijisumbue kuja, wa kuja wapo wengi. Ni kweli, walikuwepo. Kila mwaka wanywa maji walizidi.

Mchana ulipopinda, Tose akiwa juu anatandaza majani, alisikia sauti uani.

"Shoga! Tose! Hebu shuka basi, au umekuwa kiwavi na wewe?"

Alishuka ngazi. Nui alisimama chini ya upenu, matope hadi magotini, amekonda. Mumewe alikuwa hainuki tena. Nyuma ya kijiji, chini ya hekalu, kijaruba chake kilikuwa kimebaki kipande bila kupandikizwa.

"Kesho Hange," Nui alisema. Alitabasamu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa jepesi, la zamani, lisilo na aibu. "Nimekuja kuchukua nusu siku yangu. Na kile kidole."

Tose alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekwisha kufika kinywani. Lakini juu ya kichwa chake vichanja vilikuwa vinavuma, na alimwona Riyo dirishani, kikapu begani, anamtazama. Nyumbani chungu kilikuwa na shayiri ya siku mbili. Aliwaza kesho, na kesho kutwa, na mke wa Magobei mlangoni. Na mkono wake, ambao haukumngoja amalize kuwaza, ulikwenda mkandani ukatoa pesa za jana, zote, ukazitia kwenye kiganja cha Nui.

"Leo siwezi, shoga. Chukua hizi. Kakodi mtu." Kisha akasikia mdomo wake unaongeza, kwa upole ule ule, "Siku hizi ndivyo inavyokuwa."

Nui alizitazama pesa. Tose alimngoja azitupe. Aliomba moyoni azitupe, amtukane mbele ya uwanja mzima, amkumbushe viwavi waliokufa, maana angefanya hivyo Tose angeanguka chini aziokote, angevua aproni ya watu, angemfuata hadi jarubani, na yawe yatakayokuwa.

Lakini Nui alikuwa na mgonjwa ndani. Alizihesabu, akazifunga kwenye ncha ya mkanda wake, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyoinamisha mtu aliyelipwa.

"Asante, Bi Tose," alisema.

Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo. Akageuka akatoka uani, nyayo zake za matope zikabaki kwenye mawe yaliyofagiwa.

Tose akapanda ngazi, akachukua kikapu. Toka dirisha lile kijaruba cha Nui kinaonekana chote. Mpaka jioni hakutazama upande huo, akalisha viwavi.